Hiyo 60% kwenye majibu ya mama

Pole sana, dada. Umesema majibu ya kinyama cha titi la mama yanasomeka "hasi tatu, limfosaiti 60%" (hasi tatu ni saratani isiyo na vipokezi viwili vya homoni wala protini ya HER2), na hiyo 60% imekunyima usingizi. Si kiasi cha saratani kusambaa! Inaonyesha jinsi limfosaiti, yaani askari wa kinga ya mwili, walivyojaa kwenye nyama inayozunguka seli za saratani. Kwa saratani hasi tatu, wakiwa wengi hivyo, mara nyingi kemo (dawa za kuua seli za saratani) hufanya kazi vizuri zaidi na hatari ya ugonjwa kurudi hupungua. Ila msiache kemo kwa sababu hiyo, tafadhali.

Nilipomuuguza shangazi nilibeba karatasi yenyewe kwa daktari wa saratani, nikauliza: hatua ya ngapi, imefika kwenye tezi za kwapani? Mama akianza kemo, joto likifika 38, hospitali usiku huohuo.