Kikombe cha kulia kimegoma: fremu ya Kitaliano na mazoea ya Kiingereza

SWALI: Asalaam alaykum fundi. Mjomba wangu amerudi kutoka Italia na baiskeli ya resi ya zamani, Bianchi ya ile rangi ya kibichi cha bahari, ina stika ya Columbus, watengenezaji wa mabomba ya fremu. Nataka niifufue niwe naendea Chake Chake. Fundi wa hapa ameshindwa kufungua kikombe cha gololi za krenki upande wa mnyororo, keshatia bomba refu kwenye spana na nyundo juu yake. Shingo ya usukani nayo imeganda. Rangi imebabuka mahali mahali, anataka kuipiga grainda apake upya. Na rimu zake hazishiki tairi. Nianzie wapi? (Msomaji, Wete)

JIBU: Waalaykumu salaam. Anza kwa kumwomba fundi aweke spana chini, tena leo hii. Kwa maelezo yako, nahisi muda wote alikuwa anakaza.

Baiskeli nyingi zinazopita mikononi mwetu zinafuata kipimo cha Kiingereza. Huko kikombe cha upande wa mnyororo kina hesi (nyuzi za kukazia) ya kushoto, kwa hiyo kukifungua unazungusha kama saa inavyokwenda. Mkono wa fundi umeshazoea hivyo, haulizi tena. Mtaliano yeye aliweka hesi ya kulia pande zote mbili. Simama upande wa mnyororo, kitazame kikombe uso kwa uso, kizungushe kinyume cha saa. Basi.

Ila usikimbilie kuniamini kabla ya kupima, maana si kila fremu yenye jina la Kitaliano ina hesi ya Kitaliano. Ziko Bianchi zilizotengenezwa Japani. Chukua kalipa upime upana wa boksi ya krenki, lile bomba fupi la chini, chuma chake chenyewe bila vikombe. Ukipata milimita 70 ni ya Kitaliano, ukipata 68 ni ya Kiingereza. Kisha futa grisi usoni mwa kikombe utazame kama kimechapwa. Maandishi 36 × 24 ni ya Kitaliano, yaani kipenyo cha milimita 36 na nyuzi 24 kwa inchi. Ukikuta 1.37 × 24, basi fundi wako alikuwa sahihi na mie ndiye wa kunyamaza.

Ikithibitika ni ya Kitaliano, achana na spana, kwa sababu zile bapa za kikombe ni nyembamba na zimeshapigwa nyundo. Toa kwanza kikombe cha kushoto, ekseli na gololi zote. Tia mafuta ya kupenyeza kwa ndani, ulaze siku mbili tatu, uongeze kila jioni. Halafu nenda kwa fundi chuma mwenye jiliwa kubwa iliyofungwa vizuri mezani. Bana bapa za kikombe kwenye jiliwa, fremu ikiwa imelala juu yake, mshike watu wawili, mmoja mbele na mmoja nyuma. Izungusheni fremu yenyewe kinyume cha saa, mkitazama kutoka juu. Fremu inakuwa ndiyo mpini wa spana, na ikiachia mtasikia mlio mmoja mkavu.

Nasisitiza upole hapa kwa sababu moja. Boksi ya Kiingereza ikiharibika hesi, fundi mwenye vifaa huipanua akachonga hesi ya Kitaliano, kwa kuwa ni kubwa zaidi kidogo. Ya Kitaliano ikiharibika hakuna kubwa ya kukimbilia. Zipo boksi zinazojibana ndani bila hesi, lakini kuzipata Pemba ni kuagiza na kusubiri. Wakati wa kurudisha, grisi mpya, gololi 11 za robo inchi kila upande, na hicho cha kulia ukikaze kwa nguvu zako zote. Hesi ya kulia upande ule ina tabia ya kujilegeza pole pole unavyopiga pedali.

Shingo ya usukani ni alumini ndani ya chuma, na hewa ya chumvi imezishonanisha. Legeza bolti ya juu mizunguko michache, usiitoe. Weka kipande cha mbao juu yake, piga kimoja cha uhakika ili kabari ya ndani ishuke. Ikigoma, tia mafuta ya kupenyeza, kisha nenda kanunue barafu pale wanapouza samaki, uifunge kwenye shingo kwa kitambaa. Alumini husinyaa kwa baridi karibu mara mbili ya chuma, hapo ndipo inapoachia. Bana gurudumu la mbele katikati ya miguu, usokote usukani kushoto na kulia. Usitie moto. Na bomba la kiti lijaribu vivyo hivyo kabla hujafurahi, maana mara nyingi nalo limeganda.

Grainda, hasha! Kama mabomba ni Columbus SL, unene wake ni milimita 0.9 kwenye ncha na 0.6 katikati. Diski inakula kiasi hicho fundi akiwa bado anazungumza na simu. Palipobabuka, sugua kwa msasa na mkono mpaka chuma king'ae, upake praima siku hiyo hiyo, maana kwa unyevu wetu chuma kitupu hakilali usiku mmoja bila kutu. Rangi ya asili na stika viache. Mwenye kujua thamani ya baiskeli hizi atapendelea rangi yenye makovu kuliko mpya ya kupulizia. Kutu ya kuogopwa iko ndani ya mabomba, hivyo yamiminie mafuta ya kitani, uigeuzegeuze fremu, uache yachuruzike. Sifa, yale mafuta ya papa yenye harufu kali, waachie wenye majahazi, isije Wete nzima ikajua unapita.

Rimu zisizoshika tairi ni za tairi za kubandika, ambazo tyubu hushonewa ndani na tairi hugandishwa juu ya rimu kwa gundi. Zitunze, lakini kwa safari ya Chake tafuta rimu za kawaida za 700C. Dukani usiseme "ishirini na nane" ukaishia hapo, kwa sababu tairi ya baiskeli kubwa yenye breki za vyuma nayo huitwa 28 na haiingii. Soma ubavuni: yako ni 622, ile nyingine ni 635.

Kabla hujanunua gurudumu la nyuma, pima nafasi baina ya vyuma viwili vinavyoshika ekseli. Milimita 120 ni ya gia tano, 126 ya gia sita au saba, 130 ya nane na kuendelea. Kutoka 126 kwenda 130 chuma kinakubali kupanuliwa kwa baridi, milimita mbili kila upande, ila kwa fundi anayejua kupima unyoofu baada ya kupanua. Mie ningeiacha 126, nitafute gia saba, zenye meno mengi nyuma kadiri derela, kile kifaa kinachohamisha mnyororo, itakavyoruhusu. Krenki za zamani za Campagnolo, kampuni ya Kitaliano, duara dogo la mbele kwa kawaida lina meno 42, na vilima vya njia ya Chake wewe unavijua kuliko mie.

Niletee vipimo viwili, upana wa boksi na nafasi ya nyuma, nami nitakwambia sokoni Darajani, Unguja, uulize nini.