Maswali ya wasikilizaji: kituo kimebadilika, au redio ndiyo mbovu?

Kituo ninachokisikiliza kimefuta mjadala wa saa mbili usiku. Sasa ni muziki mtupu hadi alfajiri, na mtangazaji hataji saa kabisa. Je, kimeuzwa? (Msikilizaji, Bombo)

Huenda, lakini dalili hizo zaidi ni za kubana matumizi. Mjadala unataka mwongozaji, mtayarishaji, mtu wa kupokea simu na nauli za wageni. Muziki wa usiku unaendeshwa na kompyuta moja yenye programu ya kupanga nyimbo. Saa haitajwi kwa sababu sauti hiyo imerekodiwa mchana. Nyimbo zikisogea dakika tano, mtangazaji ataonekana mwongo. Mpime: tuma salamu wakati wa kipindi. Usiposomewa usiku ule wala kesho yake, studioni hakuna mtu.

Mitindo ya redio imegeuka mara nyingi nchini Uganda. Sanyu FM (88.2) ilipoanza mwaka 1993, na Capital (91.3) ikafuata muda mfupi baadaye, mambo yalikuwa Kiingereza na muziki wa vijana wa mjini. CBS, redio ya ufalme wa Buganda, iliingia 1996 kwa Kiluganda ikavuta umati, na wenye vituo wakaona faida ya lugha za nyumbani. Miaka ya 2000 ikawa zamu ya ebimeeza, mijadala ya hadharani iliyorushwa moja kwa moja. Serikali iliipiga marufuku Septemba 2009, mwezi uleule CBS ilipofungwa. CBS ilirudi hewani Oktoba 2010, ila mijadala ikabaki ndani ya studio, kwa simu na wageni wachache.

Usipoteze muda kulalamika UCC, tume ya mawasiliano ya Uganda. Tume hiyo inashughulikia leseni, masafa na maudhui yanayovunja viwango. Kupiga muziki usiku kucha si kosa. Mwandikie meneja wa vipindi, taja siku, saa na jina la mdhamini uliyekuwa ukimsikia, kisha mwandikie na mdhamini huyo. Saa isiyo na mdhamini ndiyo hufa kwanza, au huuzwa kwa mhubiri anayelipia mwezi mzima (na hapo hata huo muziki utautamani).

Nimenunua gari lililotoka Japani. Redio yake inaishia 90, vituo vingi sivipati. Fundi ameweka ekispanda, sasa vituo viwili vinaongea pamoja. (Dereva, Ntinda)

Redio za Japani za zamani husoma 76 hadi 90, nasi tunatumia 87.5 hadi 108. Ekispanda huteremsha masafa kabla hayajaingia redioni. Angalia kibandiko chake: nyingi hushusha 12, nyingine 15 au 20. Ikiwa ni ya 12, toa 12 kwenye namba ya kituo: Capital utaipata 79.3, KFM (93.3) iko 81.3, Simba (97.3) iko 85.3. Kila kilicho juu ya 102 kimepotea. Ukiweka ya 20 utapata vya juu, lakini vyote vilivyo chini ya 96 utavikosa. Hakuna ekispanda inayomaliza mkanda wote.

Kuingiliana kunatokana na mvujo. Ukiwa kwenye 88.2 redio inatafuta 100.2 iliyoteremshwa, lakini Sanyu yenyewe iko 88.2 na minara ya Kampala ina nguvu, hivyo inapenya moja kwa moja. Mwambie fundi ahakikishe waya mweusi wa ekispanda umefungwa kwenye bodi ya gari, sehemu tupu isiyo na rangi, na plagi ya antena imezama hadi mwisho. Hapo mvujo hupungua, haukomi. Dawa kamili ni redio inayosoma hadi 108.

Ukibadilisha redio, usisahau waya wa bluu. Magari mengi yana antena iliyochapwa kwenye kioo, yenye kikuza mawimbi kinachotaka umeme kutoka kwenye redio. Mafundi wengi huuacha ukining'inia, halafu mteja anaambiwa redio mpya ni feki.

Kituo kinavuma kama mvua usiku, ingawa si mbali. (Msikilizaji, Arua)

Kama redio ina swichi ya ST/MONO, weka MONO. Sauti ya stereo inataka mawimbi yenye nguvu zaidi, na mvumo mwingi huondoka hapohapo. Usipotoka, chukua nyaya mbili za sentimita 73 kila mmoja, zinyooshe ukutani kuelekea pande tofauti, unganisha ncha za katikati na waya wa antena, uzi mmoja kwa kila upande. Urefu huo unafaa karibu na 97. Kwa kituo cha 90 ongeza hadi sentimita 79. Jaribu kuzilaza, kisha kuzisimamisha, na uziweke mbali na chaja ya simu na taa za LED za bei rahisi. Mvumo wa usiku tu mara nyingi hutoka huko: zima taa moja moja ukisikiliza.