Waanze wale wa likelemba

Ndugu Mhariri,

Juma hili mmewauliza wasomaji: mtu anayetaka kuwakusanya majirani ili waanze pamoja mafunzo ya kubadilisha mwenendo wao, aanzie wapi? Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkaaji wa Nyamugo katika komuni ya Kadutu, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, na jambo hilo nimelijaribu mara mbili. Jibu langu ni kwamba asianze kwa kutangaza wala kwa kutafuta kitabu cha kufundishia, bali awaendee watu ambao tayari wameshikana kwa jambo fulani, hasa wale wanaochanga pamoja likelemba, yaani mchango wa zamu ambao kila mara mmoja huchukua pesa zote.

Mara ya kwanza nilitangaza. Niliomba tangazo lisomwe baada ya ibada, nikabandika karatasi kwenye duka la dawa, na Jumapili hiyo wakaja watu zaidi ya 30. Nilifurahi mno. Lakini kabla sijamaliza kuwakaribisha, mama mmoja aliuliza karatasi ya mahudhurio iko wapi, na kijana aliyeketi karibu na mlango akataka kujua kama nauli itarudishwa. Siwalaumu hata kidogo. Tangu miaka ya vita mji wetu umepokea mashirika mengi yenye semina, na katika semina mtu hutia sahihi, hupewa sukre (soda) na mkate, hupokea perdiem, yaani posho ya siku, kisha hurudi nyumbani kama alivyokuja. Kwa hiyo neno "mafunzo" limekwisha kuchukua maana hiyo, na anayewaita watu kwa neno hilo amewaahidi pesa bila kujua. Juma la tatu tulibaki wanne, na la tano niliketi peke yangu kati ya viti vya kuazima.

Wakati huohuo nilikuwa katika likelemba ya watu sita: walimu wawili, mama muuza sambaza (samaki wadogo wa ziwani), fundi cherehani, mzee aliyekuwa muuguzi, na kijana mwendesha pikipiki. Kila Jumamosi kila mmoja hutoa dola kumi, na mmoja wetu hula zote 60. Hakuna mkataba wala sahihi, lakini katika miaka miwili hakuna aliyewahi kukosa. Hata juma ambalo mama wa sambaza alikuwa hospitalini na mtoto wake, alituma mchango wake kwa mkono wa jirani. Ni nini kilichomlazimisha? Ni kwamba kesho yake angekutana nasi bombani, kila mmoja na bidoni yake. Nikajiambia kwamba kifungo chenye nguvu ya kutunza dola kumi kinaweza kutunza na ahadi.

Basi wote wa likelemba yetu tulianza mafunzo mwezi wa sita, mvua zilipokoma na njia za mlimani zikakauka, saa tisa alasiri, ili kila mtu apande kwake kabla ya giza. Muda wa majuma 13 niliuchukua kwa Benjamin Franklin, Mmarekani wa karne ya 18, aliyeandika fadhila 13 katika daftari, akajichunguza kwa moja kila juma, na hivyo mwaka mmoja ukatosha mizunguko minne. Yeye na marafiki zake walianzisha pia kundi la mazungumzo la Ijumaa jioni mwaka 1727 huko Philadelphia, nao hawakutaka kuzidi watu 12. Fadhila 13 hatukuzichukua, kwa maana mtu anayeamka alfajiri kutafuta chakula cha watoto hana nguvu za kupigana pande 13. Kila mmoja alichagua jambo moja. Hesabu yenyewe ilitukaa vizuri: siku moja ya kuweka ahadi, kisha zamu mbili kwa kila mtu. Siku ya zamu yako wenzako watano wanakupa saa nzima, kama vile Jumamosi pesa zote zinavyokwenda kwa mmoja, na wengine husema neno fupi tu: nimeweza, au nimeanguka.

Aliyewaita wenzake ndiye atangulie kujifunua. Mimi nilisema kwamba ninamtukana binti yangu mkubwa kwa maneno ambayo nisingevumilia kuyasikia darasani, na baada ya hapo hakuna aliyetaja kosa la kupamba. Linalosemwa halitoki nje. Kwetu nyumba zimebanana na kuta ni za mbao, basi tulizungumza kwa sauti ya chini.

Asiye na likelemba atazame kwaya yake, au shirika lake la parokia.

Kijana wa pikipiki alikuwa ameahidi kutopitia kwenye kasiksi, pombe ya ndizi, kabla ya kufika nyumbani. Juma la sita hakuja, wala la saba. Tulikwenda kwake wawili, si kumkemea, bali kumwambia kwamba zamu ya juma la nane ni yake na hatutampa mwingine. Alikuja, akasema alikuwa amekunywa mapato ya majuma mawili, na saa yake nzima tukaitumia kutafuta naye mahali ambapo pesa zinaweza kulala zisifike kileoni. Yeye mwenyewe ndiye aliyemtaja fundi cherehani, ambaye mlango wake uko njiani kabla ya pombe. Hadi leo fundi anazipokea kila jioni, anaziandika katika daftari la vipimo vya wateja, na Jumamosi asubuhi anamrudishia.