Kulipwa ili shamba lirudie uoto wake: soma mkataba kwanza

Ndugu yangu, umeuliza kama ukubali malipo ili uache ekari za bondeni zirudie uoto wa asili. Mimi ningekubali, ila nisingetazama kiasi pekee. Uliza mkataba ni wa miaka mingapi, fedha zinaingia lini, na nani anabeba hasara miche ikikauka. Msitu hukua kwa miongo. Malipo yakikatika baada ya miaka mitano, jembe hurudi palepale, na hilo linaniuma sana. Costa Rica imewalipa wenye misitu tangu 1997, kwa kutegemea zaidi kodi ya mafuta, chanzo kinachoeleweka. Anza na ile kona inayotuama maji, mazao yanapogeuka manjano kila masika. Hapo hupotezi mavuno ya maana, na matete huota yenyewe.