Mikoko ya Jomvu na biashara ya hewa ya ukaa

SWALI: Kikundi chetu hupanda mikoko hapa Jomvu, Mombasa. Kampuni inayotaka kufidia hewa ya ukaa ya viwanda vyake, kwa kulipia ile inayofyonzwa na mikoko, imetuletea mkataba wa Kiingereza tuutie saini. Sheria inatulindaje?

JIBU: Ndugu msomaji, msitie saini kwanza. Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya Kenya, kama ilivyorekebishwa mwaka 2023, inataka miradi ya ardhi ya umma au ya jamii iwe na makubaliano ya maendeleo ya jamii, yaani mkataba kati ya wenye mradi na jamii, na mradi unaotegemea ardhi uipe jamii kila mwaka angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia, baada ya kuondoa gharama za uendeshaji. Hapo penye gharama ndipo pa kukodolea macho, kwani kipengele kisichozitaja waziwazi chaweza kuumeza mgao wote. Daini gharama hizo zitajwe moja moja, kwa Kiswahili.

Tena, mikoko huhesabiwa msitu wa umma, na kuipanda hakuwapi miliki ya ardhi, hivyo Shirika la Huduma za Misitu (KFS) lazima lihusishwe. Mzozo ukizuka na usitatuliwe kwa utaratibu uliowekwa katika makubaliano hayo ndani ya siku 30, hupelekwa kwenye jopo la kitaifa la kuamua kesi za mazingira (National Environment Tribunal).