Re: Maji Maji ilianzia Songea? Na nianze na kitabu kipi?

Mkuu, umeuliza kama vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani vilianzia Songea kwa kuwa makumbusho yako kule. Hapana, vilianzia huku kwetu, mkoa wa Lindi. Julai 1905, Wamatumbi wa Nandete, wilaya ya Kilwa, waling'oa miche ya pamba waliyokuwa wakilimishwa kwa nguvu, na hapo ndipo moto ukawaka. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikuwa ameshagawa dawa, iliyoaminika kugeuza risasi kuwa maji, tangu mwaka uliotangulia: maji, mafuta ya mbarika na punje za mtama. Wajerumani walimnyonga huko Mohoro mwanzoni mwa Agosti 1905, vita vikiwa bado vichanga. Songea ina uzito wake, maana viongozi wa Wangoni walinyongwa pale Februari 1906, lakini hiyo ni sura ya baadaye.

Kuhusu kusoma, wengi watakutajia tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya 1969. Isome, ni kazi kubwa mno, ila ni sanaa. Usije ukainukuu kwenye ubishi kana kwamba ni ushahidi. Mimi ningekuanzishia Utenzi wa Vita vya Maji-Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi hapahapa. Sikiliza anavyowasema wapiganaji, kisha nenda Nandete ukawasikilize wazee wa Kimatumbi. Waulize hasa habari za njaa, kwa sababu Wajerumani walichoma maghala na mashamba, na njaa iliua watu wengi kuliko risasi.