Jibu kwa dada anayeanza chuo cha ualimu msingi na anaogopa hesabu

Mdogo wangu, umesema unaripoti chuo mwezi ujao na hesabu ya form four ilikutesa, usijali, pale kikubwa sio wewe kujua hesabu ngumu, ni kumfanya mtoto wa darasa la pili aelewe kwa nini 12 toa 5 ni 7, na hiyo ni kazi nyingine kabisa aisee. Anza sasa hivi kuokota vizibo vya soda, vijiti, maboksi, utanishukuru ukifika kwenye kutengeneza zana za kufundishia.

BTP, yaani yale mazoezi ya kwenda kufundisha shuleni, ndo yenyewe. Mi nilipewa darasa moja la watoto zaidi ya 90, andalio la somo (mpango wa kipindi) nimeandika vizuri kabisa nikasahau kuangalia kama chaki ipo, haikuwepo 😂. Kwa hiyo azimio la kazi (mpango wa kufundisha wa muda mrefu) na andalio zoea kuandika mapema, na mwandiko wa ubaoni ujifunze, watoto wa KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) wanaiga herufi zako hivyo hivyo zilivyo.

Ajira za serikali siku hizi mpaka usaili, kwa hiyo notsi usitupe. Na ukienda chuo beba ndoo mbili.